Iliad imeisha na farasi wa mbao sijamuona, dhamira yake hasa ni ipi?

mtoto_wa_vitabu
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kabla sijaaibika mbele za watu. Wiki ijayo natakiwa kuongea darasani kuhusu dhamira na motifu kwenye tendi za Wagiriki wa kale, nikajipa moyo nikasema ngoja safari hii nisitegemee muhtasari wa mtu, nisome Iliad yenyewe mwanzo mwisho. Nimemaliza juzi usiku. Shida ni kwamba nilikuwa namsubiri yule farasi wa mbao ambaye Wagiriki walijificha ndani yake wakauteka mji wa Troy, nikasubiri nikasubiri, mara kitabu kimeisha watu wanamzika Hector, shujaa wa Troy! Farasi hayupo, Achilles shujaa wa Wagiriki hajafa, Troy bado imesimama, na kile kisigino chake maarufu hakijatajwa popote. Nikaanza kukagua namba za kurasa nikidhani nakala yangu imenyofolewa.

La pili, huko mtandaoni kila ukitafuta dhamira za Iliad unapewa orodha ileile: vita, heshima, majaaliwa, miungu, urafiki, kifo. Sawa, ila orodha kama hiyo naweza kuiandika kwa utendi wowote hata ambao sijaufungua. Nataka kitu cha kushika. Na hivi dhamira na motifu tofauti yake ni nini ukishuka kwenye matini yenyewe? Maana mi naona kama pacha.

Kalamu_Kavu
Nakala yako nzima kabisa mdogo wangu, haijanyofolewa hata karatasi.

Farasi yupo ila yuko Odyssey, ule utendi mwingine wa Homer kuhusu Odysseus anavyorudi kwao Ithaca kutoka vitani. Kwenye kitabu (yaani sura) cha 4 Menelaus mfalme wa Sparta anamsimulia Telemachus, mwana wa Odysseus, habari zake, halafu cha 8 mwimbaji Demodocus anaimba jinsi mji ulivyotekwa, na Odysseus mwenyewe amekaa palepale karamuni anasikiliza huku machozi yanamtoka na wenyeji bado hawajui ni nani. Kisigino usahau. Homer hakijui. Ile habari ya mama kumchovya mtoto mto Styx, akabaki anadhurika kisigino tu, tunaikuta kwa mshairi wa Kirumi Statius, karne ya 1 baada ya Kristo, miaka mamia baada ya Homer. Tena ndani ya Iliad Achilles anajeruhiwa kama mtu yeyote, angalia kitabu cha 21, Asteropaeus anamparuza mkono wa kulia kwa mkuki na damu inatoka.

Sasa kwa nini inaishia pale. Neno la kwanza kabisa la Iliad kwa Kigiriki ni mênin, ghadhabu. Siyo vita, siyo Troy. Mtunzi amekwambia toka mlangoni kwamba anaimba ghadhabu ya mtu mmoja na hasara iliyowaletea wenzake. Vita vilikuwa vya miaka 10, ye kachukua wiki chache tu za mwaka wa mwisho, na ghadhabu ilipotulia naye akanyamaza. Odyssey nayo inaanza na neno andra, mtu. Yaani hawa waimbaji walikuwa wanakutajia mzigo kabla hawajaufungua.

Kuhusu dhamira na motifu, mi huwa nasema hivi: dhamira ni kile ambacho utendi unahangaika nacho, motifu ni kitu au kitendo unachoweza kukionyesha kwa kidole kila kinaporudi. Ghadhabu huwezi kuionyesha kwa kidole. Magoti unaweza. Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeitupa ile orodha nikachukua magoti peke yake. Kwa Wagiriki hawa mtu akitaka kuomba ombi zito haishii kupiga magoti yake, anakwenda kushika magoti ya yule anayemuomba, na mkono mwingine anamgusa kidevu. Ukikishika kitendo hicho na kukifuata toka kitabu cha 1 mpaka cha 24 utaona utendi mzima unatembea juu yake.

Mwanzoni kabisa anakuja mzee Chryses, kuhani wa Apollo, kabeba fidia kibao anaomba bintiye arudishwe. Jeshi zima linasema mzee apokelewe. Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamfukuza kwa matusi, na kwa sababu ya jibu lile Apollo anawapiga tauni siku 9 na ugomvi na Achilles unaanzia hapo. Haijapita muda Thetis anakwenda kumshika Zeus, mkuu wa miungu, magoti na kidevu ili mwanawe Achilles arudishiwe heshima. Zeus anakubali, na ule ukubali wake ndio unaowaua watu kwa mafungu. Halafu tunaingia vitani na kule mambo ni mabaya, kila anayeomba aachwe hai anauawa. Kitabu cha 6 Menelaus anataka kumhurumia Adrestus, mpiganaji wa Troy, Agamemnon anakuja mbio anamwambia asibaki hata mtoto wa kiume aliyeko tumboni mwa mama. Kitabu cha 10 Dolon, mpelelezi wa Troy, ananyoosha mkono aguse kidevu cha Mgiriki Diomedes na kichwa kinaruka akiwa bado anaongea.

Ila soma Lycaon, kitabu cha 21, usome polepole. Huyu kijana mwana wa Priam, mfalme wa Troy, alishawahi kukamatwa na Achilles huko nyuma, akauzwa kisiwa cha Lemnos, akakombolewa, akarudi nyumbani, akakaa na jamaa zake siku 11, na siku ya 12 akakutana uso kwa uso na Achilles yuleyule. Anashika magoti, anamkumbusha kwamba walishakula chakula pamoja. Achilles anamjibu kwa upole wa kutisha, anamwita rafiki! Anamwambia kufa basi na wewe rafiki yangu, mbona unalia hivyo, Patroclus (rafiki kipenzi wa Achilles, aliyeuawa na Hector) naye alikufa na alikuwa bora kuliko wewe. Mi nikifika mstari huo huwa nakifunga kitabu kidogo.

Kisha Hector anaomba maiti yake tu irudishwe kwao, jibu analopewa ni kwamba Achilles anatamani angeweza kumla mbichi. Ndipo kitabu cha 24 anaingia Priam, baba yake Hector, usiku, mzee kama Chryses, kabeba fidia kama Chryses, anaomba mtoto kama Chryses, anashika magoti na kuibusu mikono iliyomuulia wanawe. Na safari hii anakubaliwa. Mzee wa kwanza alikataliwa utendi ukaanza, mzee wa mwisho kakubaliwa utendi ukaisha. Farasi wa mbao angewekwa wapi hapo?

Mzee_Tungo
Vijana nisameheni nitie maji kwenye mtori wenu. Kalamu kaeleza vizuri na sina neno, ila hii tabia ya kuona kila kinachorudiwa ni alama ya maana fulani imetuponza sana wasomaji wa vitabu. Tendi hizi zilitungwa na watu walioimba bila karatasi. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry, pamoja na mwanafunzi wake Albert Lord, walikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wa huko, na mwaka 1935 mmoja wao aitwaye Avdo Međedović, mtu asiyejua kusoma wala kuandika, aliwaimbia wimbo mmoja wa mistari zaidi ya 12,000, urefu wa Odyssey hivi. Hakukariri. Alikuwa na mafungu ya maneno yaliyo tayari na matukio yaliyo tayari, anayapanga huku anaimba.

Ndiyo maana Achilles anaitwa mwenye mbio hata anapokuwa amekaa kando ya merikebu amenuna. Merikebu nazo ni ziendazo kasi hata zikiwa zimevutwa nchi kavu. Alfajiri kila siku ina vidole vya waridi, kwani mshairi alikosa neno jingine? Hapana, lile fungu linakaa vizuri kwenye mizani, basi linaitwa. Na kushika magoti ni hivyohivyo, ni tukio la akiba kama ilivyo kuvaa silaha, kuchinja kafara, kumkaribisha mgeni. Mwimbaji akifika pahala shujaa kamuweka adui chini, mkono wake wenyewe unakwenda kwenye lile fungu. Sasa mkisema utendi mzima umejengwa juu ya magoti mimi nauliza, au ni mwimbaji alikuwa anavuta pumzi?

mtoto_wa_vitabu
Duh. Kalamu amenipa mada yote nikaanza kuandika, mzee kaja kaifuta. Sasa nishike lipi wakuu?

Kalamu_Kavu
Shikamoo mzee wangu. Parry sibishani naye, alifariki 1935 akiwa na miaka 33 tu na mpaka leo hakuna anayesoma Homer bila kupita mlangoni kwake. Lakini akiba haimaanishi kwamba mtumiaji hafikirii. Chukua hilohilo la kuvaa silaha. Kila shujaa anavaa kwa mpangilio uleule: vikinga miguu, dirii, upanga, ngao, kofia ya chuma, mwisho mkuki. Wasikilizaji wameusikia mara kibao, wanautabiri. Sasa kitabu cha 16 Patroclus anaazima silaha za Achilles aende vitani badala yake. Anavaa vikinga miguu, anavaa dirii, anachukua upanga, ngao, kofia, na tukifika kwenye mkuki tunaambiwa mkuki wa Achilles hakuuchukua. Ule wa mti kutoka mlima Pelion, mzito, hakuna Mgiriki mwingine aliyeweza kuutikisa ila Achilles.

Fungu limekatika pale tu, na kila aliyekuwa anasikiliza alijua huyu kijana harudi. Ungewezaje kushtua watu namna hiyo kama hukuwazoesha kwanza? Kwa hiyo mdogo wangu usifute kitu, badilisha swali tu. Usiulize ni nini kinarudiwa, uliza kimevunjika wapi. Magoti yanakataliwa yanakataliwa yanakataliwa halafu kwa Priam yanakubaliwa, hapo ndipo pa kuchimba.

jamaa_wa_kona
mi nawashangaa mnavyojaza kurasa, Achilles alikuwa anadeka tu kanyang'anywa demu basi kagoma kwenda kazini mpaka rafiki yake kafa, hiyo ndo stori yote

Kalamu_Kavu
@jamaa_wa_kona umenichekesha ila nusu yake ni kweli, tatizo nusu nyingine. Briseis, huyo demu unayemsema, alikuwa geras, tunu aliyopewa Achilles na jeshi mbele ya watu wote kama ushahidi wa kazi yake. Agamemnon alipomchukua hakuchukua mtu tu, alifuta ule ushahidi hadharani. (Briseis mwenyewe hakuulizwa na yeyote, mumewe aliuawa na huyohuyo Achilles. Anaongea mara moja tu, kitabu cha 19, anamlilia Patroclus kwa kuwa alikuwa mpole kwake, na wanawake wengine wanalia pamoja naye kwa kisingizio cha Patroclus kumbe kila mmoja analia yake. Sijui kwa nini watu hawaongelei pale.)

Ungekuwa ugomvi wa demu ungeisha kitabu cha 9. Agamemnon anatuma wajumbe na ofa nono: Briseis mwenyewe, na wanawake 7 kutoka Lesbos, talanta 10 za dhahabu, farasi 12 wa mashindano, sufuria 20, na mengine. Achilles anakataa yote! Cha kuangalia ni kwamba Agamemnon alimalizia ofa kwa kusema basi Achilles anyenyekee kwangu kwa kuwa mimi ni mfalme mkubwa kuliko yeye, na Odysseus alipokwenda kuisema ile ofa neno kwa neno, mistari ile ya mwisho akaimeza. Ona fundi. Mzee Tungo mwenyewe atakubali, ujumbe kwenye tendi hizi kawaida hurudiwa kama ulivyotumwa, kwa hiyo palipokatwa panaonekana.

Na ndipo Achilles anapotoa lile la majaaliwa mawili, akibaki Troy atakufa mapema ila sifa yake, kleos, haitakufa, akirudi kwao ataishi miaka mingi na sifa hatapata. Kitu ambacho kila shujaa mwenzake anakifia bila kuuliza, yeye anakiweka mezani anakiangalia kama thamani yake inalingana na roho. Odyssey kitabu cha 11 Odysseus anamkuta kuzimu, anamsifu kwamba hata huku wewe ni mkubwa, na Achilles anamjibu bora kuwa kibarua kwa mtu fukara juu ya ardhi kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Kudeka huko?

nyuki_wa_asubuhi
Nimefuatilia kimyakimya ila Odyssey mnaipita kama kituo kisicho na abiria jamani 😄

Ile kanuni ya kaka Kalamu, kuangalia fungu linapovunjika, mi naona inafanya kazi vizuri zaidi huko. Motifu ya Odyssey ni mgeni mlangoni. Wagiriki waliita xenia na Zeus mwenyewe ndiye mlinzi wa wageni. Utaratibu unajulikana: mgeni anapokelewa, ananawishwa mikono, analishwa mpaka ashibe, halafu ndiyo anaulizwa wewe nani na umetoka wapi, na akiondoka anapewa zawadi. Telemachus anamfanyia hivyo mungu wa kike Athena aliyejigeuza kitabu cha 1, anafanyiwa hivyo Pylos na Sparta, unazoea kabisa. Kisha unafika kwa Polyphemus, lile jitu la jicho moja, na utaratibu wote umegeuzwa miguu juu. Anauliza jina kwanza, badala ya kulisha wageni anawala, na zawadi ya mgeni anayompa Odysseus ni kwamba wewe nitakula wa mwisho. Hicho ni kichekesho cheusi na kinakuchekesha kwa sababu tu unajua zawadi ilitakiwa iweje.

Ila tusimuonee Polyphemus tu, Odysseus naye aliingia pangoni mwa mtu hayupo akala jibini yake, wenzake wanamsihi waondoke ye anataka zawadi! Na alipotoroka akiwa ameshapona kwa ujanja wa jina Hakuna-Mtu, akashindwa kujizuia akapaza sauti akataja jina lake halisi, la baba yake na la kwao. Ndiyo ikawa anuani ya laana, Polyphemus akamwomba baba yake Poseidon, mungu wa bahari. Utaona huyu anateseka kwa kiu ileile ya sifa ambayo Achilles alikuwa anaipima.

Na wale wachumba nyumbani kwake wanaotaka kumwoa mkewe Penelope, ukijumlisha hesabu anayoitoa Telemachus kitabu cha 16 wanafika 108, hao ni wageni ambao hawaondoki. Mwenye nyumba anaingia kwake kama ombaomba, mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe, na anayemtambua kwanza bila kuambiwa ni mbwa. Argos, amelala juu ya samadi, kamsubiri miaka 20, anatikisa mkia anashusha masikio anakufa. Odysseus anafuta chozi kwa siri maana akilia wazi atajulikana.

Kutambuliwa nako ni motifu: kovu la mguuni kwa yaya wake Eurycleia, upinde kwa wachumba, kitanda kwa Penelope, na mwisho miti kwa baba yake Laertes, anamtajia miti aliyopewa utotoni, mipea 13, mitufaa 10, mitini 40. Ila cha kitanda ndicho kimevunja fungu. Kwingine kote Odysseus ndiye anayeficha na kupima watu. Pale Penelope ndiye aliyemtega YEYE, akaagiza kitanda kitolewe nje wakati anajua kimejengwa juu ya kisiki cha mzeituni hakitoki, na jamaa akapandwa na hasira akajisema mwenyewe. Mjanja kapatikana.

Mzee_Tungo
Binti kasema. Hilo la Penelope nalikubali bila masharti. Tena kusuka kwake ile sanda ya Laertes mchana na kuifumua usiku, miaka 3 wachumba hawajui mpaka kijakazi alipomsaliti, hiyo ni akili ya Odysseus kabisa ikiwa imevaa nguo nyingine.

Ila magoti yapo huko pia, kitabu cha 22, na hapo Kalamu atuambie. Wachumba wamekwisha kuuawa, Leodes aliyekuwa mmoja wao anashika magoti ya Odysseus anauawa. Mara hiyohiyo Phemius mwimbaji anashika magoti yaleyale, anaachwa, Telemachus kamtetea. Mnaona maana gani? Mimi naona waimbaji wanajitetea wenyewe kwa wateja wao: mchinje mwingine, mwimbaji mwache 😂

Kalamu_Kavu
Mzee hapo umenikaba, na sidhani kama ni utani peke yake. Phemius anamwambia Odysseus ukiniua utakuja kujuta mwenyewe, maana nawaimbia miungu na watu. Ni tishio lile lililovikwa unyenyekevu. Bila yeye kleos inabebwa na nani?

mtoto_wa_vitabu
Wakuu nimerudi. Nimesoma tena kitabu cha 24 jana usiku nikitafuta palipovunjika kama mlivyoniambia, na kuna kitu nimekiona sijui kama ni kitu.

Baada ya kula pamoja Priam anaomba apewe mahali pa kulala, anasema hajafumba macho tangu mwanawe auawe. Kabla hajalala Achilles anamuuliza, unahitaji siku ngapi za kumzika Hector, nizuie jeshi. Mzee anahesabu: siku 9 tutamlilia nyumbani, ya 10 tutamzika na watu watakula, ya 11 tutamjengea kaburi, na ya 12 tutapigana, kama ni lazima. Achilles anasema sawa, itakuwa hivyo.

Siku 11 za amani na ya 12 vita. Si ndiyo hesabu ya Lycaon ileile? Alikaa na jamaa zake siku 11 na ya 12 akarudi mikononi mwa Achilles. Nikageuza nyuma kitabu cha 1, Zeus amekwenda karamuni kwa Waethiopia, anarudi siku ya 12. Maiti ya Hector nayo, miungu inaingilia kati alfajiri ya 12. Sasa najua mzee atasema 12 ni namba tu inayokaa vizuri kwenye mizani...

Mzee_Tungo
Ndiyo, ningesema hivyo. Kumi na mbili ni akiba ya mwimbaji, kuna mashoka 12 ya kupitishia mshale, vijana 12 wa Troy waliochinjwa kwenye moto wa Patroclus, wajakazi 12 walionyongwa Ithaca. Ukiifuata namba hiyo utapotea.

Lakini hilo la Lycaon na Priam, mtu na mtoto wake, siku 11 kila mmoja na mkono uleule unaowasubiri... nimesoma kitabu hiki toka nywele nyeusi na sikuwahi kuyaweka pamoja. Weka kwenye mada yako kijana. Ukiulizwa na mtu mjuaji mwambie mzee mmoja mbishi alijaribu kukataa.

mtoto_wa_vitabu
Asante sana wakuu, dada nyuki na wewe pia. Farasi nimemfuta kwenye slaidi.

jamaa_wa_kona
na kisigino?

mtoto_wa_vitabu
Kisigino nimekiacha, darasa lazima wacheke kidogo kabla sijawapeleka kwa Lycaon.